Protini Imekaa Wapi? Historia ya Kulisoma Ini Lenye Virusi vya B

Mwaka 1973 daktari Mgiriki Stephanos Hadziyannis na wenzake, miongoni mwao Hans Popper wa New York, walichapisha makala kuhusu seli za ini ambazo wataalamu wengi wa patholojia walikuwa wakizipita bila kuzitilia maanani. Zilitoka kwa watu ambao damu yao ilikuwa na antijeni ya homa ya ini B lakini hawakuwa na dalili za kuumwa. Chini ya hadubini, kwa rangi za kila siku za maabara, seli ya namna hii ni kubwa kuliko jirani zake. Kiini chake kimesukumwa pembeni. Sehemu ya ndani, ambayo kwa kawaida imejaa chembechembe, imekuwa laini na kupauka, waridi isiyo na doa, mithili ya kioo cha dirisha la bafuni kinachopitisha mwanga bila kuonyesha aliye ndani. Ukingoni hubaki mstari mwembamba usioshika rangi.

Kilichoilainisha seli hiyo, walionyesha, ni protini ya kirusi chenyewe, iliyozalishwa kwa wingi mno na kurundikana nje ya kiini. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kama virusi ndivyo vinavyoharibu ini, seli iliyoshiba protini ya virusi hivyo ingepaswa kuwa ya kwanza kufa. Lakini hizi zilikuwa hai, na wenye maini hayo walikuwa wakienda kazini. Wakati huohuo wagonjwa wengine, ambao maini yao hayakuonyesha hata seli moja ya aina hiyo, walikuwa wakielekea kwenye sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kulieleza jambo hilo, na maelezo yalipatikana kwa kuuliza kila mara swali lilelile: ndani ya seli, protini ipi imekaa wapi?

Antijeni yenyewe ilikuwa imepatikana kwa njia ya mzunguko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Baruch Blumberg alikuwa akitafuta tofauti za kurithi katika protini za damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Damu ya mgonjwa wa hemofilia wa Marekani, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, iligongana na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Blumberg na Harvey Alter walikiita kitu kipya kilichosababisha mgongano huo antijeni ya Australia, na makala yao ya 1965 iliihusisha na saratani ya damu. Uhusiano wake na homa ya ini ulijitokeza polepole. Mwaka 1967 Barbara Werner, fundi katika maabara ya Blumberg jijini Philadelphia, alianza kujisikia vibaya, akaipima damu yake mwenyewe, na antijeni ikaonekana. Alikuwa ameambukizwa homa ya ini. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Jina la Werner hutajwa mara chache, na naona hiyo ni dhuluma ndogo ya historia, kwa kuwa kipimo alichojifanyia kilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba antijeni ile huingia pamoja na ugonjwa.

Mwaka 1970 David Dane na wenzake wa Middlesex Hospital, London, waliona kwa hadubini ya elektroni chembe za duara zenye kipenyo cha nanomita 42, zenye ganda la nje na kokwa ndani. Hiki ndicho kirusi kizima. Vile vijiduara vidogo vya nanomita 22 vilivyokuwa vikijaa katika damu ya wagonjwa vilikuwa ganda tupu, protini ya juu isiyobeba chochote, na idadi yake huweza kuzidi ya virusi kamili maelfu ya mara. Mwaka uliofuata June Almeida alilivunja ganda hilo kwa sabuni ya maabara, kokwa zikatoka, na kingamwili kutoka katika damu ya wagonjwa zikazishika na kuzikusanya pamoja. Almeida alizaliwa Glasgow mwaka 1930, aliacha shule akiwa na miaka 16 na kuanza kazi kama fundi wa maabara. Miaka michache kabla ya kulivunja ganda hilo ndiye aliyekuwa amepiga picha za kwanza za virusi vya korona vya binadamu. Jaribio lake la 1971 liliweka wazi kwamba kuna antijeni mbili tofauti: ya juu, inayounda ganda, na ya kokwa, inayobeba DNA.

Bila tofauti hiyo, ini lisingeweza kusomeka. Wachunguzi wa awali, likiwemo kundi la Andrzej Nowosławski huko Warsaw, walikuwa wakitumia kingamwili zilizotiwa kemikali ya kung'aa ili kutafuta antijeni katika vipande vya ini. Mara mwanga ulitoka ndani ya kiini cha seli, mara nje yake, na hapakuwa na maelezo ya kuridhisha. Sababu ilikuwa rahisi baada ya kujulikana: damu ya mgonjwa iliyotumika kutengeneza kingamwili hizo ingeweza kuwa na kingamwili za aina zote mbili. Mwaka 1971 na 1972 Shao-nan Huang alichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha chembe ndogo, za nanomita 20 hadi 30, zimejipanga ndani ya viini vya seli za ini. Hizo zilikuwa kokwa. Protini ya juu ilikuwa nje ya kiini, ndani ya mifereji ya utando ambamo seli hutengenezea protini za kusafirisha. Kila moja ilikuwa na makao yake.

Popper aliyapokea matokeo haya akiwa na uzoefu wa miaka 40 wa kuangalia maini. Alizaliwa Vienna mwaka 1903, akaondoka Austria mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa nchi, akafanya kazi Chicago, na mwaka 1957 akahamia hospitali ya Mount Sinai ya New York. Yeye na Michael Gerber, pamoja na Hadziyannis na wengine, walizirudia seli zile laini kwa hadubini ya elektroni na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Mifereji ya utando ilikuwa imetanuka, na ndani yake mlikuwa na nyuzi na vijiduara vya protini ya juu vilivyosongamana, visiweze kutoka. Seli ilikuwa bado inazalisha, lakini mzigo haukuwa ukiondoka.

Hadubini ya elektroni ilikuwa ghali, na kingamwili zenye kung'aa zilihitaji kipande kilichogandishwa kikiwa kibichi. Hospitali nyingi duniani hazikuwa na uwezo huo. Aliyezifungulia mlango ni Mjapani Toshio Shikata, mwaka 1974, kwa rangi kongwe iitwayo oseini. Rangi hii asili yake ni viumbe vidogo vinavyoota juu ya miamba na magome ya miti, na wataalamu wa patholojia walikuwa wakiitumia kuonyesha nyuzi za kunyumbuka katika mishipa na ngozi. Shikata aligundua kwamba inashika pia protini ya juu ya kirusi. Kipande cha ini kilichohifadhiwa katika nta hukatwa chembamba, nta huyeyushwa, kisha slaidi hutumbukizwa katika pamanganeti ya potasiamu iliyotiwa asidi ya salfa mpaka tishu igeuke rangi. Huoshwa kwa asidi ya oksaliki hadi weupe urudi, ndipo huachwa ndani ya oseini kwa saa kadhaa. Protini ya juu ina salfa nyingi, na pamanganeti huibadilisha salfa hiyo kiasi cha kuivuta rangi. Slaidi ikitolewa, ini zima ni la rangi hafifu, ila seli zenye mzigo zimesimama kahawia iliyoiva, moja hapa, tatu pale, wakati mwingine kundi zima limebanana.

Uzuri wa njia ya Shikata ni kwamba ilifanya kazi hata kwa vipande vya zamani. Kabati za hospitali zilikuwa zimejaa maini ya wagonjwa waliokufa kwa sirosisi au saratani kabla antijeni yoyote haijajulikana. Sasa yangeweza kuulizwa upya. Binafsi naiweka kazi hii juu ya nyingine nyingi zilizotumia mashine za bei kubwa, kwa sababu iliwapa uwezo wa kuona watu waliokuwa karibu zaidi na wagonjwa.

Mwaka 1975 Gudat na Leonardo Bianchi wa Basel, pamoja na wenzao, walipiga hatua iliyobadilisha maana ya kazi yote. Waliacha kuuliza tu kama antijeni imo au haimo, wakapanga maini kulingana na jinsi antijeni hizo mbili zilivyotawanyika. Kwa wagonjwa ambao kinga yao ilikuwa imedhoofishwa kwa dawa, kama waliopandikizwa figo, viini vya seli nyingi mno vilijaa kokwa, lakini uharibifu ulikuwa mdogo. Katika homa kali ya ini inayopona, hapakuwa na antijeni ya kuonekana, kwa kuwa mwili ulikuwa umezifagia seli zilizoambukizwa. Kwa wenye homa sugu, antijeni zilikuwa za vibaka vibaka, na uvimbe ulikuwa mwingi. Kundi la nne ni lile la wabebaji wazima, wenye antijeni bila kuumwa: protini ya juu tele, kokwa hakuna. Gudat na Bianchi walitoa tafsiri kwamba mtawanyiko huo ni picha ya mapambano kati ya kirusi na kinga ya mtu husika. Protini ikijaa ovyo bila kuguswa, kinga imelala. Ikiwa imebaki vibaka, kinga imeamka lakini haimalizi kazi.

Kwa tafsiri hii, mharibifu wa ini alianza kuonekana kuwa kinga ya mwili yenyewe, na kirusi kikawa chanzo cha ugomvi. Ni wazo zito kwa mtu yeyote mwenye ndugu anayeugua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa sugu ya ini B, na karibu milioni 65 kati yao walikuwa katika kanda ya Afrika. Wengi waliambukizwa wakiwa wachanga au watoto wadogo, wakati kinga haijajua kutofautisha mgeni na mwenyeji. Huishi miaka mingi na damu iliyojaa virusi bila maumivu, kisha, wakiwa watu wazima, kinga huamka.

Hakuna mahali ambapo safari hiyo ilifuatiliwa kwa karibu kuliko Taiwan. Palmer Beasley na wenzake waliwafuatilia huko wanaume 22,707, ambao 3,454 kati yao walikuwa wabebaji. Ripoti yao ya 1981 ilionyesha vifo 41 vya saratani ya ini, na 40 vilikuwa vya wabebaji. Katika nchi yenye wabebaji wengi kiasi hicho, hospitali zilikuwa na wagonjwa wa kila umri na kila hatua, na madaktari Chu Chia-Ming na Liaw Yun-Fan wa Chang Gung Memorial Hospital waliitumia nafasi hiyo. Mwaka 1987 walichapisha utafiti kuhusu mahali hasa ambapo kokwa hukaa. Kwa wagonjwa ambao ini lao lilikuwa na uharibifu mdogo, kokwa ilikuwa ndani ya kiini. Kwa wale ambao ini lilikuwa linawaka, kokwa ilikuwa imetoka, iko katika saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, au kwenye utando wa seli. Walipendekeza kwamba seli yenye kokwa nje ya kiini ndiyo shabaha ya kinga: seli T huiona, huishambulia na kuiua.

Pendekezo hilo lilikuwa na mizizi London pia. Mwaka 1982 Mario Mondelli na wenzake wa King's College Hospital walikuwa wameziweka pamoja, ndani ya chombo, seli T za wagonjwa na seli za ini za wagonjwa haohao. Seli T ziliua seli za ini. Kokwa ilipofunikwa kwa kingamwili, mauaji yalipungua. Antijeni ya kokwa, basi, ndiyo iliyokuwa ikitambuliwa. Ukiunganisha London na Taiwan, hadithi ilikaa vizuri: kokwa ikiwa imejificha ndani ya kiini, amani. Ikitoka, vita.

Kule La Jolla, California, Francis Chisari alitaka kulipima wazo kwamba kinga ndiyo huharibu ini, kwa kutumia mnyama ambaye kinga yake haihusiki kabisa. Maabara yake iliwapandikiza panya jeni za kirusi, hivyo wakazaliwa nazo na kinga yao ikazihesabu kama mali yao. Panya waliopewa jeni ya protini ya juu iliyo kubwa zaidi waliirundika ndani ya mifereji ya utando, na maini yao yakaonyesha seli laini zilezile za Hadziyannis. Lakini hapa mrundikano ulikuwa na bei: seli zilikufa, nyingine zikagawanyika kuziba pengo, na kufikia ripoti ya 1989 panya hao walikuwa wakipata saratani ya ini. Panya wengine, walioelezwa mwaka 1995 na Luca Guidotti na Chisari, walizalisha virusi kamili kwa wingi na ini lao halikuumia. Walipochomwa seli T zinazokitambua kirusi, ndipo ini lilipoumia. Na mwaka 1996 kundi hilohilo lilionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: seli T huweza kukizima kirusi ndani ya seli nyingi za ini bila kuziua, kwa kutoa kemikali kama interferoni gama.

Kwa hiyo kirusi kwa kawaida hakiui seli, isipokuwa pale protini yake ya juu inaporundikana kupita kiasi. Hapo Gudat na Bianchi walikuwa sahihi. Lakini kuhusu kokwa, mambo hayakukaa sawa kama yalivyoonekana.

Tatizo lilitokana na kazi ya Jesse Summers na William Mason. Mwaka 1982, wakitumia kirusi cha bata wa ukoo huohuo, walionyesha kwamba DNA ya kirusi hiki hunakiliwa kutoka katika RNA, na kazi hiyo hufanyika ndani ya kokwa iliyo kwenye saitoplazimu. Kokwa ya kufanya kazi, basi, hutakiwa kuwa nje ya kiini. Ndani ya kiini mnatakiwa kuwa na duara la DNA la kirusi, linalotoa RNA na ambalo dawa za leo hazilifikii. Sasa kwa nini viini vya wagonjwa wa Taiwan vilifurika kokwa? Na kwa nini zilihama pale ugonjwa ulipoanza?

Mwaka 1993 Yeh Chau-Ting, akiwa na James Ou huko Los Angeles, alitoa jibu lisilohusu kinga. Katika seli zilizokuzwa maabara, kokwa iliingia kwenye kiini seli ilipotulia, na ikapungua humo seli ilipoanza kunakili DNA yake ili igawanyike. Mwaka 1994 Guidotti na Chisari wakaongeza kwamba, katika panya wao, kokwa iliyojiunda ndani ya kiini haiwezi kupenya utando wake. Hubaki humo mpaka seli igawanyike na utando huo ubomoke. Mwaka 1995 Chu, Yeh na Liaw walirudi kwenye vipande vya ini vya wagonjwa wao na kutafuta alama za seli zinazogawanyika. Walikuta kwamba kuhama kwa kokwa kutoka kiini kwenda saitoplazimu kunaandamana na uharibifu wa ini na kujijenga kwake upya.

Maana yake ni kubwa. Ini likiumizwa, seli zilizobaki huanza kugawanyika, na zikigawanyika kokwa hutoka. Kwa hiyo kokwa iliyo nje ya kiini inaweza kuwa tokeo la mashambulizi, hata kabla hatujauliza kama ni sababu yake. Chu na Liaw walikuwa wamependekeza mwaka 1987 kwamba hiyo ndiyo shabaha, na ni watu haohao, kwa vipande vya ini vya hospitali yao wenyewe, walioleta ushahidi wa kuligeuza pendekezo lao. Naliheshimu sana jambo hilo. Wangeweza kuwaachia wengine.

Lilibaki fumbo la 1973: wabebaji wenye protini ya juu tele na kokwa hakuna. Tangu 1980 na 1981 ilijulikana kwamba vipande vya DNA ya kirusi huingia katika kromosomu za seli ya ini na kukaa humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Su Ih-Jen na wenzake wa Taiwan walionyesha kwamba baadhi ya seli laini, hasa zile zinazokaa kwa makundi, zina protini ya juu iliyopungukiwa kipande kwa mabadiliko ya jeni, na kwamba mrundikano wake unaisumbua seli kwa namna inayoielekeza kwenye saratani. Kisha mwaka 2017 Christine Wooddell na wenzake wakaripoti jaribio la dawa iitwayo ARC-520, inayokata RNA ya kirusi kabla haijatengeneza protini. Kwa baadhi ya sokwe na wagonjwa antijeni ya juu ilishuka sana. Kwa wengine, waliokuwa na virusi vichache na ugonjwa wa muda mrefu, ilishuka kidogo tu.

Walipochunguza, waligundua kwamba kwa kundi la pili protini ya juu ilikuwa ikitokana zaidi na DNA iliyojichomeka katika kromosomu. Kirusi kinapojichomeka hupoteza mpangilio unaohitajika kutengeneza kokwa, lakini jeni ya protini ya juu mara nyingi hubaki salama. Seli ya namna hiyo haitengenezi kirusi kipya hata kimoja, lakini huendelea kumwaga ganda. Eneo ambalo ARC-520 ilikuwa imelenga kulikata lilikuwa limepotea katika RNA inayotoka kwenye DNA hiyo. Dawa za aina hiyo zilizofuata zilibidi zitengenezwe upya, zikiwa na shabaha zinazopatikana pia katika RNA ya kirusi kilichojichomeka.